Kidole Gumba Changu

Kasulu,
9 Februari

Shangazi yangu mpenzi Adija,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti lililokusumbua wakati wa palizi liwe limetulia. Wasalimie majirani wote wa Murungu. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya asubuhi ni ya kuchemsha chai mara mbili. Nimekuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na najua barua utaisoma mwenyewe, polepole, kama ulivyojifunza.

Shangazi, nimeolewa! Leo ni siku ya ishirini na sita na bado nikiamka namtazama Nurudini kama mtu aliyeletewa zawadi kwenye nyumba isiyo yake. Ofisi yake na yangu, tangu nihamishiwe hapa Kasulu, zimetenganishwa na ukuta mmoja, lakini saa saba lazima apige simu kuuliza kama nimekula. Mama mkwe hutucheka, husema mwanawe alikuwa na akili mpaka alipokwenda Kibondo kufundisha watu kompyuta. Maharage uliyotuma tumeyapika. Nilikula huku nalia, Nurudini akadhani ni pilipili.

Nililia kwa sababu uliyatuma lakini wewe hukuja. Siku ya arusi mkeka wako ulitandikwa mlangoni mwa chumba changu, kama inavyotakiwa, na hakuna aliyeukalia. Bibi mmoja wa hapa alijitolea kunipa yale maneno ambayo shangazi humpa bibi arusi. Nilimkatalia. Watu waliona nina kiburi. Mama aliwaambia wageni kwamba unaumwa, lakini mimi nilijua huumwi, na nilijua kilichokuzuia.

Naomba nirudi nyuma kidogo. Unakumbuka mwezi wa tisa, chama chetu cha wakulima kilipoacha madaftari na kuanza kusajili wanachama kwa alama za vidole. Nilifika Murungu na kishikwambi na ile mashine ndogo yenye taa ya kijani. Nurudini alikuwa ametufundisha kwamba mtu ambaye vidole vyake havisomeki aandikwe kwenye fomu ya karatasi, kisha aitwe Kibondo kuhakikiwa kwa macho. Vidole vyako havikusomeka. Uliviosha, ukavifuta kwa kanga, ukajaribu vyote kumi. Jembe na kumenya mihogo vimevilainisha mpaka mashine ikaona hakuna kitu. Ulicheka, ukaniuliza kama mashine hiyo imewahi kulima.

Mwezi wa kumi na moja mbolea ilipokuja, jina lako lilikuwa limefungwa. Mzee Marselino, mwenyekiti, alisoma mbele ya mkutano kwamba mfumo umewakamata watu wanne wa Murungu wenye kidole kimoja, maana yake mtu mmoja kajiandikisha mara nne ili achukue mbolea ya wenzake. Jina la kwanza lilikuwa lako. Nimesikia kwamba wanawake walikuuliza kisimani una mikono mingapi, wakakwambia uwakopeshe mmoja wa kuchotea maji. Nimesikia pia kwamba mahindi yako yamekuwa ya njano.

Ulitembea mpaka ofisini Kibondo kuniuliza. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza, nimevaa kitambulisho shingoni. Nilikujibu kwamba mfumo ndivyo unavyosema. Ukaniuliza huyo Mfumo ni mtu wa wapi, umfuate ukamsalimie, mzungumze. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Hukurudi tena.

Shangazi, kidole kile kilikuwa changu.

Fomu za karatasi zilinichosha, na Nurudini alikuwa amesema kituo kitakachokamilisha orodha yake kabla ya Ijumaa kitatajwa mbele ya wote. Nilitaka anitaje mimi. Watu walipoondoka, niliweka kidole gumba changu kwenye jina lako, kwa kuwa wewe ni wangu, nikajiambia hutajali. Baada ya hapo haikuwa vigumu kukiweka kwa wale bibi wengine watatu. Murungu siku ile hakukuwa na mtandao, kwa hiyo kishikwambi kilipokea yote bila kulinganisha. Kulinganisha kulifanyika baadaye, mjini. Nilitajwa, Shangazi. Ndiyo siku ambayo Nurudini aliniuliza jina langu.

Jumatatu iliyopita wametuwekea wafanyakazi mashine ya mahudhurio, inayosoma vidole kutoka orodha ileile ya wanachama. Nilibonyeza, na kioo kikaandika: Karibu, Adija Hatungimana, mwanachama, Murungu. Nurudini alikuwa amesimama nyuma yangu. Tulipofika nyumbani nilimweleza yote. Nilimwomba afute alama ile. Alisema anaweza, ni kazi ya dakika moja, lakini akifuta wewe utabaki mwizi milele. Ni kitu cha kwanza alichoninyima tangu tuoane, nami nampenda zaidi kwa hicho, ingawa siku mbili hatukuweza kula pamoja.

Miaka mitatu nimefanya kazi hii nikidhani kujua mashine ndiko kuelimika. Mashine haikukusingizia. Ilisema ukweli wote ilioupata, kwamba kidole ni kimoja. Mimi ndiye niliyejua ni cha nani, nikakaa nyuma yake kama mtoto nyuma ya mlango.

Jana nimemwandikia meneja. Huenda nikaachishwa kazi, na sitalalamika. Alhamisi kuna mkutano Murungu. Nitakuja na Nurudini, nitasimama mbele ya Mzee Marselino na wale wanawake wa kisimani, niseme kama nilivyosema hapa. Baada ya hapo, ukipenda, nitandikie mkeka unipe maneno yangu. Usipopenda, nitakusalimia nikiwa uani na kurudi.

Kama gari litakwama na nisifike, wewe peleka barua hii mkutanoni. Hapa chini nimepaka wino na kubonyeza kidole gumba changu. Wakilinganishe na kile kilichowekwa kwenye jina lako.

Nakuaga kwa heshima na mapenzi, na mkwe wako anakuamkia.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Asmahani