Kitanda Tulichokitengenezea Mlangoni

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika hapa Manzese, marahaba sana. Sie wazima. Bibi yako anamsalimia mke mwenzake wa huko Arusha, anauliza kama unakula vizuri.

Unasema mteja wenu wa programu anatishia kuondoka kwa kuwa haoni kazi imefika wapi, na wenzako wanabishania mfumo wa kupangia kazi. Umefanya vizuri kuniuliza mie. Kuandika naandika kwa shida, lakini kwa useremala mtaa huu hakukuwa na mwingine.

Ujanani nilishirikiana na Kondo. Yeye alipaka kila kazi alama, nyekundu, njano au kijani, kila moja na maelezo yake. Akaja mama aliyetuletea mbao zake tumtengenezee kitanda cha binti yake, harusi imekaribia.

"Kitanda chako kipo njano," Kondo akamwambia.

"Nimeagiza kitanda, unanipa rangi? Nirudishieni mbao zangu."

Nikamwomba asubiri, nikakivuta kitanda mpaka mlangoni mwa karakana, nikakichongea hapo hapo. Kondo akabisha, sikumsikiliza, unanijua. Mama akawa anapita akienda sokoni, anatazama, anaendelea zake. Harusi ilipobisha hodi akaona nakshi bado.

"Fundi, acha maua. Wanakuja kulala, si kutazama kitanda."

Neno hilo mie nisingethubutu kumwambia. Alilisema mwenyewe, kwa kuwa alikuwa anaona.

Chukueni mfumo mwepesi, mteja akiufungua aione kazi yake bila mkalimani. Wenzako wakinuna, waache. Kondo naye alinuna, ila siku ya kupeleka kitanda ndiye aliyetangulia mbele, akijisifu njia nzima.

Babu yako anayekupenda,
Fundi Mkuu