Kumbukumbu za Kikao cha Kupokea Mfumo wa Wateja na Kumuaga Bi. Devotha Kaijage

KIKUNDI CHA WAKAANGAJI KAHAWA, UKATA
Kikao cha Kamati kilichofanyika tarehe 14 Agosti 2025 katika ofisi ya kikundi, Ukata, Wilaya ya Mbinga

WALIOHUDHURIA
Ndg. Tobias Ndunguru – Mwenyekiti
Ndg. Egidi Ngongi – Katibu
Ndg. Salvatory Mbunda – Mweka Hazina
Bi. Devotha Kaijage – Msimamizi wa Mauzo anayeondoka
Bi. Perpetua Kinunda – Msimamizi wa Mauzo anayeingia

MWALIKWA
Mwl. Nicholaus Hyera – mtengenezaji wa mfumo

ASIYEHUDHURIA
Bi. Gaudiosa Komba – Mjumbe (anauguza; alitoa taarifa)

KUMB. NA. 21/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:15 asubuhi kwa sala. Alieleza kwamba kikao kiliitwa kwa haraka kwa sababu mume wa Bi. Devotha, ambaye ni Bwana Shamba wa kata, amehamishiwa Singida, na familia itasafiri Jumamosi. Aliwakumbusha wajumbe kwamba wanunuzi wote wa kahawa ya kukaanga, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, walitafutwa na Bi. Devotha kwa simu yake mwenyewe. Wanunuzi hao wasipobaki na kikundi, jiko la kukaangia litazimwa.

KUMB. NA. 22/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Bi. Devotha aliuliza kama maneno ya Ndg. Salvatory, yaani "huyu mama ataondoka na wanunuzi wetu kwenye mkoba", yamebaki katika kumbukumbu zilizopita. Katibu alijibu kwamba kumbukumbu zilizothibitishwa hazifutwi. Ndg. Salvatory alieleza kwamba alikuwa akisema kwa ujumla, bila kumlenga mtu. Mwenyekiti aliuliza ni mama gani mwingine wa kikundi anayehama. Ndg. Salvatory aliomba kikao kiendelee na ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 23/2025: MAELEZO YA MFUMO
Mwl. Nicholaus alieleza kwamba mfumo unafunguliwa mtandaoni kwa simu yoyote yenye intaneti. Kila mteja, wa sasa au mtarajiwa, ana ukurasa wake unaoonyesha jina, namba ya simu, kilo anazonunua, aliyempata, siku ya kumpigia tena na hatua aliyofikia: ameulizia, amepelekewa kahawa ya kuonja, amepewa bei, amekubali, au amekataa.

Ndg. Salvatory alitaka kujua mteja atakuwa wa nani. Ilikubaliwa kwamba mteja ni wa kikundi, lakini jina la aliyempata halitaondolewa katika ukurasa wake.

Kamati ilimshukuru Mwl. Nicholaus kwa kuifanya kazi hii kwa kujitolea baada ya vipindi vyake vya shule, na kwa kuvumilia kuambiwa na Mweka Hazina kwamba mfumo wa kwanza ulipendeza kama kalenda ya dukani na ulikuwa na faida hiyo hiyo.

KUMB. NA. 24/2025: JARIBIO
Mwenyekiti aliagiza Bi. Perpetua ampigie mnunuzi mmoja akiongozwa na mfumo peke yake, na Bi. Devotha anyamaze. Alichaguliwa Mama Tereza, mwenye nyumba ya wageni na mgahawa Mbamba Bay. Yeye ndiye mnunuzi mkubwa kuliko wote, na mwezi huu hajaagiza. Sauti ya simu iliachwa wazi ili wote wasikie. Mwenyekiti aliagiza maneno yaandikwe yalivyosemwa.

Bi. Perpetua: "Shikamoo, mama. Ni Perpetua wa kahawa ya Ukata. Tukuletee kilo ngapi mwezi huu?"

Mama Tereza: "Marahaba. Haya, mwanangu, Mungu akipenda nitawapigia."

Simu ilikatwa. Ndg. Salvatory alipiga makofi na kuagiza mteja awekwe kwenye "amekubali". Bi. Devotha aliomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Kaka Salvatory," alisema, "hapo umekataliwa."

Alifafanua kwamba tangu aanze kazi hii hajaambiwa "sitaki" na mnunuzi hata mmoja. "Watu wa huku hawamkatai mtu usoni. Anayekubali hutaja siku. Asipotaja siku, amekuaga." Mwenyekiti alithibitisha kwamba yeye mwenyewe hufanya hivyo kwa wauza bima.

Mwl. Nicholaus alisema kwamba, kwa hali hiyo, sehemu ya "amekataa" ingebaki tupu hadi mwisho wa dunia. Aliiondoa hapo hapo na kuweka "hajataja siku".

Bi. Perpetua aliuliza amekosea wapi. Bi. Devotha alijibu kwamba Mama Tereza alivunjika mguu gatini, na haongei biashara na mtu asiyemuuliza hali yake.

"Mimi ningejuaje, dada? Humu kuna kilo tu."

Mwl. Nicholaus aliongeza sehemu mpya juu ya kila ukurasa: "La kuuliza kwanza".

KUMB. NA. 25/2025: KUKABIDHI WATEJA
Bi. Devotha aliwataja wateja mmoja mmoja, na Bi. Perpetua aliandika. Mwenye duka wa Mbinga mjini asipigiwe siku ya mnada. Mnunuzi wa Kingerikiti aulizwe habari za mwanawe aliye seminari, na asikatishwe anapojibu. Mama lishe wa stendi ni mkali asubuhi, lakini hulipa. Kazi hii ilichukua muda mrefu kuliko ajenda nyingine zote, na hakuna aliyeomba kutoka.

Ndg. Salvatory alisimama na kusema: "Dada Devotha, nilisema utaondoka nao. Umetuachia hata namna ya kuwasalimia. Unisamehe, na asante."

Bi. Devotha alijibu: "Nimepokea, kaka. Ila na haya yaandikwe, kama yalivyoandikwa yale." Yameandikwa.

AZIMIO: Kamati inamshukuru Bi. Devotha Kaijage, aliyekuja kwetu akiwa mgeni na kutupatia soko ambalo sisi wenyeji hatukuwa nalo.

KUMB. NA. 26/2025: MENGINEYO
Bi. Perpetua aliomba kumpigia tena Mama Tereza, kwa ajili ya mguu tu. Yalizungumzwa magongo, dawa ya kuchua, na bei ya samaki wa usipa. Kahawa haikutajwa. Ndg. Salvatory alinong'ona kwamba vocha ya kikundi inaisha kwa mguu wa mtu. Mwishoni Mama Tereza aliuliza kama ni kweli Devotha anahama. Alijibiwa kwamba ni Jumamosi. Alisema "Haya," akakata.

Muda mfupi baadaye simu ya Bi. Devotha iliita. Mpigaji alikuwa Mama Tereza. Bi. Devotha aliiweka mezani.

Mwenyekiti: "Pokea, mama."

Bi. Devotha: "Hapana, baba. Nikipokea leo, atanitafuta hata Singida."

Simu iliita mpaka ikanyamaza. Kisha iliita simu ya kikundi iliyokuwa mkononi mwa Bi. Perpetua.

"Perpetua, mwanangu, mguu ulinisahaulisha. Leteni kilo thelathini. Jumanne."

Bi. Devotha alitoka nje. Kikao kilimsubiri.

KUMB. NA. 27/2025: KUFUNGA KIKAO
Bi. Devotha aliporudi, Mwenyekiti alimwomba afunge kikao kwa sala kwa niaba yake. Katika sala hiyo aliwaombea wanunuzi wote kwa majina, bila kutazama mfumo. Kikao kilifungwa saa 7:40 mchana.

Tobias Ndunguru ................................ Mwenyekiti

Egidi Ngongi ................................ Katibu