Meli Yenye Nafasi ya Mshono

Jumamosi, 5 Septemba 1992

Leo mume wangu kamwaga maharage. Bakuli zima! Dada Blandina, yule wa mazoezi ya viungo hospitalini, aliagiza Baba Bright aokote punje mojamoja kwa mkono wa kulia, atie kwenye kikombe, asubuhi na jioni. Tangu kiharusi cha Juni vidole vitatu bado vimelala. Kaokota nne. Kasukuma bakuli. "Mama Bright, mimi si kuku."

Nikacheka. Kosa langu, yeye hakucheka. Nikapiga magoti kuokota maharage chini ya masanduku ya sahani za Dubai, mteja ananiita huko mbele dukani, na mimi nalia. Fundi suti kwa miaka ishirini na mbili! Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano huku anapiga soga, hata haangalii. Leo maharage yanamshinda.

Jioni nikapita kwa Kitwana wa mitumba. Kafungua mzigo wa midoli ya Ulaya, ndani yake boksi refu lina picha ya meli ya mbao, mbele ina kichwa cha joka. Anasema ni ya kuunda mwenyewe, vipande vidogovidogo, na hakuna anayeitaka kwa sababu watu siku hizi wanataka kitu kilichokwisha kuundwa. Vipande vidogovidogo! Nikaondoka nayo kwapani.

Jumapili, 6 Septemba

Tumetoka kanisani nikaweka boksi mezani, chumba cha nyuma ya duka, nikajifanya napanga chupa za chai. Nusu saa nzima anaangalia picha. Kisha: nani kaleta takataka hii? Nikasema Kitwana kaniachia tu.

Devendrabhai jirani, wa duka la rangi na misumari, akaja kuchungulia. Maelekezo hata yeye hayasomi. Si Kiingereza, anasema, labda Kidenmaki. Ila watu wa meli hiyo aliwasoma shuleni: Waviking, wazungu wa kaskazini wa zamani, walikuwa wanapanda meli kama hizi wakaibie watu nchi za mbali.

"Wezi, basi," akasema Baba Bright.

"Wezi, bwana, lakini wana meli safi!"

Baba Bright akakunjua ule mchoro mkubwa uliojaa mistari na namba. Akaulaza mezani, akaulainisha kwa kiganja, polepole, mpaka pembeni. Ndivyo alivyokuwa analaza karatasi ya kukatia koti.

"Hii ni karatasi ya kukatia tu," akasema. "Ila kitambaa chake mbao."

Jumatano, 16 Septemba

Mbao ya chini, ile ya uti, imesimama! Na mbavu sita. Dada Blandina kaagiza mkono wa kushoto ukae mfukoni, wa kulia ndio ufanye kazi. Baba Bright anatukana kwa Kimachame, lakini anautia mfukoni. Gundi ikipakwa anabana na vibanio vyangu vya nguo. Vyote kachukua! Shuka la Bright limepeperuka hadi kwenye makopo ya rangi ya Devendrabhai.

Ijumaa, 2 Oktoba

Barua ya Elimringi, mdogo wake, kutoka Machame. Kaandika kwa upendo, sikatai. Kwamba Krismasi hii kaka apumzike, nyama atakata yeye.

Baba Bright kaisoma mara mbili, kaikunja. "Basi mwaka huu tunabaki Dar."

Mchaga kubaki Dar Krismasi! Kariakoo itakuwa imefungwa mtaa mzima, sisi tutakaa humu tunahesabu nzi? Lakini sikumtania. Najua kinachomuuma. Tangu baba yao alale, yeye mwana wa kwanza ndiye anayekata mbuzi mbele ya ukoo. Kila mtu ana fungu lake, na yeye humkabidhi mkononi, kwa mkono wa kulia. Nani atampa mama yake nyama kwa kushoto?

Asipokata mwaka huu, hatakata tena. Hakuna atakayemnyang'anya kisu. Watamhurumia tu, kila mwaka, mpaka azoee. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimefanya ujinga. Niandike kabla sijajitetea.

Mbao za ubavuni zinakatwa kwenye karatasi nyembamba ya mbao kwa kisu kidogo, kufuata mstari, kisha kila moja inalalia ya chini yake. Yeye anatumia siku tatu kwa mbao moja! Nikaona hatumalizi leo wala kesho. Kichwani mwangu meli ikiisha, tunasafiri. Basi leo alipokwenda mazoezini nikakata mbili na kuzibandika. Nikaona zimekaa vizuri tu.

Karudi, kapitisha kidole gumba ubavuni mwa meli, kakisimamisha palepale. "Nani kagusa kazi yangu?"

Akasema, taratibu kabisa: "Hapa palikuwa na karakana yangu. Ukaleta sahani, nikanyamaza. Na hii nayo?"

Afadhali angenipigia kelele.

Alhamisi, 15 Oktoba

Siku mbili hatuongei. Mbao zangu kazing'oa zote mbili, kaanza upya.

Asubuhi nimempelekea chai, nikakaa chini, nikamwambia nisamehe, mimi ni mtu wa haraka, unanijua. Nikamwambia pia lile la zamani: cherehani nilipoisukuma ukutani niweke masanduku, iliniuma, sikusema kwa sababu tulihitaji kula. Kakoroga chai muda mrefu. Kasema suti hakuna aliyekuwa anashona tena, mitumba imejaa, sikukosea. "Ila ungeniuliza, Elieshi."

Kaniita jina langu! Hajaniita hivyo tangu Bright azaliwe.

Jumamosi, 31 Oktoba

Leo, leo! Sijui nianzie wapi.

Mbao za ubavuni zimefika juu, lakini zimebaki mbili ambazo hazina pa kukaa. Na meli ina tumbo! Kwenye picha nyembamba, hii yetu kama imekula pilau ya Idi. Bright anasema baba, meli ina mimba. Nikamfinya.

Devendrabhai kaleta rula na miwani yake ya pili, kapima mbao moja kwenye mchoro. Imezidi. Nyingine, imezidi. Zote zimezidi! Baba Bright kajifunika mdomo kwa kiganja. Nikadhani hapa sasa anaitupa dirishani.

"Nimeacha nafasi ya mshono," akasema.

Hakuna mahali alipokata kwenye mstari wenyewe. Amekata nje ya mstari, pembeni kidogo, kila mbao, kama alivyokata makoti miaka ishirini na mbili ili mteja akinenepa apanuliwe. Nani anashona mbao?

Akaanza kucheka. Mdomo unavutwa upande, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Mara ya kwanza tangu Juni! "Acha tu," anasema. "Hawa wezi wakirudi wamenenepa kwa mali za watu, watanishukuru." Mimi nimeshika mbavu, Bright yuko chini sakafuni.

Devendrabhai peke yake hakucheka. Alikuwa bado anapima, akamwita mume wangu kwa jina lake. "Anaeli, njoo uone. Umezidisha sawasawa. Mwanzo wa mbao, katikati, mwisho, nafasi ni ileile. Mkono unaotetemeka hauwezi kukosea hivi."

Baba Bright kauangalia mkono wake wa kulia, kaugeuza, kaugeuza tena. Mimi nikatoka kwenda kuuza sahani ambazo hakuna aliyekuja kununua.

Jumatatu, 23 Novemba

Kitambaa cha tanga kilichokuja kwenye boksi kina ukungu, kimechanika. Baba Bright kasema nifungue sanduku lake la kazi. Sanduku hilo! Sijaligusa tangu tulifunge. Harufu ya chaki ya fundi ikanijia, nikasimama pale.

Alitaka ile bitana, kitambaa cha ndani ya mikono ya koti, nyeupe yenye mistari. Kaiweka juu ya picha ya boksi: tanga la hao wazungu nalo lina mistari. "Unaona? Hata wao walikuwa na fundi."

Kisha sindano. Nilihesabu mara tisa uzi unakosa tundu. Ulimi ukaniwasha, nitunge, nitunge! Nikauma meno, nikaenda mbele kwa wateja. Niliporudi sindano ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi wa shati lake, ina uzi mrefu, na yeye anakunja pindo kama hakuna kilichotokea.

Nilimbusu utosini, na Bright akaona, na basi!

Jumapili, 13 Desemba

Meli imekwisha. Nene, yenye ngao ubavuni zilizopakwa rangi ya Devendrabhai, imesimama juu ya cherehani. Mteja mmoja kaulizia bei, Baba Bright kamwangalia mpaka kaondoka.

Wakati wa chai kauliza: tiketi umekata? Nikasema za wapi? "Mama Bright, usinichezee."

Kisha kwa sauti ya chini: kisu cha mbao ni kidogo, cha mbuzi ni kingine. Akishindwa mbele ya watu wote je? Mbele ya mama?

Nilitaka kusema hutashindwa. Nikasema sijui. Kweli sijui. Nikamwambia ukishindwa tutakuwa wawili. Kaitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 24 Desemba. Machame

Baridi! Migomba inadondosha maji. Mbuzi kachinjwa asubuhi, na Elimringi na vijana wamemchuna. Sasa nyama imelazwa kwenye majani ya mgomba, ukoo mzima uko uwanjani. Mimi nimejifungia chumba cha mama mkwe na daftari hili. Siwezi kuangalia. Naandika ninachosikia dirishani.

Elimringi anasema kaka, kisu hiki hapa, au nikate mimi wewe uite majina? Kasema vizuri, kwa heshima. Mtu anakohoa.

Baba Bright: "Lete."

Nasikia kisu kinagonga mfupa. Kinasimama. Kinagonga. Ee Mungu. Shemeji mmoja ananong'ona asaidiwe. Mama mkwe, na miaka yake themanini, anajibu kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: aachwe, hapa hakuna mwenye basi la kuwahi.

Muda mrefu.

"Mama." Ni yeye! Anamwita mama yake. Viti vinasogea. Kisha mama mkwe anashukuru, anashukuru tena, sauti inamkatika. Kapokea. Kampa!

"Elimringi." Elimringi anacheka, anasema asante kaka, hili kubwa.

Wa tatu. Wa nne. Anakwenda polepole sana. Wa tano kuna kitu kimeanguka, nimesikia, na watoto wamecheka, na wakanyamazishwa. Anaomba kingine. Anaendelea. Kumbe nimeshika kalamu kwa mikono miwili.

Sasa ananiita mimi. "Mama Bright yuko wapi?" Bright anasema yuko ndani, baba, weka tu hapo kwenye jani atachukua.

"Siweki chini."

Wanamwambia mkono unatetemeka, weka. Anasema anaona kama unatetemeka, yeye ndiye mwenye mkono. "Elieshi! Njoo, mkono unachoka!"

Mbele ya ukoo wote, jina langu. Na mimi nimekaa hapa naandika, uso wote umelowa, viatu sivioni, hicho kimoja kimeingia chini ya kitanda, naenda peku, naenda