Vigingi vya Mtaa Mpya

Sumbawanga, Julai

Dada Tumaini, shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inauma kuliko ya Mbeya, na wenyeji wananiumiza kichwa.

Mji umekuwa makao makuu ya mkoa, kila mtu anataka kujenga, ndiyo maana tumeletwa kupima viwanja. Juma zima napigilia vigingi vya mbao kuonyesha barabara za mtaa mpya, na kila asubuhi havipo! Balozi wa nyumba kumi ananiapia ni mbuzi. Mbuzi gani anakula mbao, Dada?

Leo nimeingia jikoni kwa mama mwenye nyumba, anayenipikia kila siku, niote moto. Kigingi changu kinawaka chini ya chungu, namba bado inasomeka! Nikafoka. Akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, kuni tunazifuata nusu siku. Ulipoanza kutuwekea mbao kavu njiani, tukajua serikali imetukumbuka."

Jumatatu mkubwa wangu anakuja kukagua. Wabusu wanao, nawakumbuka mno, lakini baba usimwambie: mtaa niliotumwa kuupima nimeula wote kwa ugali wa ulezi, na jana nikaomba nyongeza.

Mdogo wako,
Lusajo