Mzigo wa Vitunguu

Kariakoo, Dar es Salaam
8 Juni 1993

Kwa dada Lidwina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama hapo Lizaboni, na mama amepata nafuu. Mimi nimefika mzima, ila miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi. Barua nampa kondakta, maana posta wanachelewesha.

Kaka Sixbert nimempata bila shida. Ukimtaja Mngoni wa vitunguu, watu wanakuonyesha. Amenenepa, dada. Yuko kule chini ya soko, sehemu ya jumla wanayoiita shimoni, na ana wapagazi wake. Nilipomwambia mama anamwita, anataka kumwona kabla hajafumba macho, alikaa juu ya gunia akajifuta uso kwa shati. Akasema, "Jumamosi tunaondoka wote. Kuna lori langu linatoka Singida, nikishauza mzigo huo tu."

Basi nangoja Jumamosi. Na hili soko sijui nikueleze vipi. Sisi tukiwaona Wamatengo na maharage yao, na Wayao wa Tunduru na korosho, tunadhani watu wote wamekuja Songea. Hapa Mpemba anapanga pweza, pembeni yake Mluguru na mboga, mbele yao Mhindi anakaanga bajia huku anagombana na Mchaga kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Waha wameleta mawese mekundu. Kuna mama wa Kikongo anauza samaki mkavu mweusi kama kuni, akaniambia nionje kwanza, nikionja nitarudi. Na sukari ipo kila duka, hakuna foleni, hakuna kibali. Nilisimama nikaitazama tu.

Mtu akienda Lusewa amwambie mume wangu Isidori asinisubiri kuvuna. Msalimie mama, mwambie mwanawe anakuja.

Mdogo wako,
Dorine


Lizaboni, Songea
12 Juni 1993

Mdogo wangu Dorine,

Marahaba. Sisi tupo. Barua yako tumeipata na mama nimemsomea, akatabasamu kidogo pale kwa Sixbert.

Lakini hali si nzuri. Uji anautema. Basi likipiga honi kule barabarani ananiuliza, "Ni wao?" Namwambia bado. Leo Jumamosi, labda mko njiani na barua hii itapishana nanyi. Kama hamjaondoka, viacheni hivyo vitunguu. Mwambie kaka yako vitunguu vitalimwa tena.

Dada yako,
Lidwina


Kariakoo
16 Juni 1993

Kwa dada Lidwina,

Shikamoo. Barua yako niliipata juzi jioni nikamsomea kaka. Lori liliharibika Morogoro, limefika na vitunguu vimelowa, na vikilowa haviwekeki. Amesema Ijumaa bila kukosa.

Dada, amekuwa mwema kwangu, hasa tangu jana. Aliitwa kwenye simu kwa yule Mhindi wa bajia, jirani yake, aliporudi aliwaachia wapagazi kazi, akasema, "Dorine, twende nikutembeze, wewe hujawahi kutembea." Akaninunulia kitenge. Tukala tambi za nazi kwa mama mmoja wa Unguja. Kisha akanipeleka kwa Mwarabu wa halua, yule mzee anaikata kwa kisu kirefu na kukupa kipande mkononi, bado ya moto, na kahawa chungu. Ile halua inateleza yenyewe. Nilikula mpaka nikacheka peke yangu, na kaka akaniambia, "Kula, kula tu."

Nisamehe nikikuandikia haya wakati wewe unauguza. Tangu niolewe sijawahi kukaa siku nzima bila jembe wala chungu. Mama nimemnunulia tende, ni laini, hazihitaji meno.

Mdogo wako,
Dorine


Lizaboni
19 Juni 1993

Dorine,

Sikuulizi hali yako, najua unakula vizuri.

Mama alifariki Jumanne asubuhi. Padre aliniruhusu simu ya parokia nikapiga kwa yule Mhindi, akamwita Sixbert. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Tunaondoka leo hii, msizike." Basi tukangoja. Watu walikesha Jumanne, wakakesha Jumatano. Baridi ya Juni ndiyo iliyotusaidia. Nilikuwa nakaa mlangoni kila basi likipita, na wanawake wananitazama mimi, hawaitazami barabara. Alhamisi jioni wazee wakasema basi, tukamzika na tochi mbili.

Jana, watu bado wamejaa, kondakta akaleta barua yako. Wazee wakasema isomwe mbele ya wote, tujue mmekwama wapi. Katekista Makarius akavaa miwani akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye halua akasita. Mama mdogo Benigna akamwambia, "Endelea. Tumalize." Akaendelea mpaka kicheko chako.

Hii barua anakuletea Muhsini wa Tunduru, yule wa korosho, alikuwepo mazishini. Yeye si ndugu, alikuwepo.

Lidwina


Kariakoo
21 Juni 1993

Kwa dada Lidwina,

Shikamoo. Najua huenda usiitike.

Dada, sikujua. Naapa kwa Mungu na kwa tumbo lililotuzaa, sikujua. Ijumaa kaka aliniambia Jumatatu. Leo asubuhi nilikuwa nimesimama kwa yule Mhindi wa bajia, nina bajia mdomoni, Muhsini akanijia akanishika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana na msiba, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama." Nilimwuliza mama wa nani. Akanitazama, akatoa barua yako. Bajia nilishindwa kuimeza na nikashindwa kuitema. Yule Mhindi ndiye aliyetoka nyuma ya karai lake akanikalisha kwenye kreti. Akasema, "Mama, ndugu yako hajakuambia? Simu nilimwitia mimi mwenyewe."

Nikashuka shimoni. Sixbert alikuwa anapima. Nikamwuliza mbele ya wateja wake, "Jumanne uliambiwa nini kwenye simu?"

Hakukataa. Alimalizia kupima, akafunga gunia, ndipo akasema, "Ningekuambia ungetaka tuondoke saa ile ile. Ungelia hapa hapa."

"Ulinipeleka kula halua."

"Ulikuwa unafurahi. Nilitaka mmoja wetu afurahi." Kisha akasema jambo ambalo nitalala nalo siku zote. "Mama alikuwa ameshakufa, Dorine. Vitunguu vilikuwa bado."

Nafasi kwenye basi nimepata Alhamisi. Muhsini amepata lori linalogeuza leo, natanguliza barua hii kwake kwa sababu naogopa kufika kabla hujajua. Isomwe mbele ya watu kama ilivyosomwa ile nyingine. Nakuomba hilo tu. Katekista aisome yote.

Mdogo wako,
Dorine


Lusewa
15 Agosti 1993

Kwa dada Lidwina,

Shikamoo. Huku tunaendelea, Isidori hajambo, mahindi tumeshayaingiza ghalani.

Nilingoja uniandikie, naona kimya. Nilipofika Juni ulinifungulia mlango, ukanipa maji, ukaenda jikoni. Nikajua una uchungu, nikasema mwache. Nikangoja arobaini.

Kwenye arobaini Sixbert alikuja na lori. Kashusha mchele, kashusha mafuta, kashusha mabati ya nyumba ya mama, na ng'ombe akamnunua hapo hapo. Mama mdogo Benigna alimlilia shingoni. Halafu akasimama mbele ya ukoo akasema, "Mimi nilitaka kuondoka siku ile ile. Dorine ndiye aliyesema tungoje kidogo, alikuwa bado hajauona mji. Msimlaumu, ni mtu wa shamba."

Hakuna aliyeshangaa, dada. Wote walikuwa wameisikia barua ya halua. Maneno yangu mwenyewe ndiyo yaliyomshuhudia.

Nilikutazama wewe. Ulikuwa na mwiko mkononi. Uliinama ukakoroga chungu ambacho kilikuwa kimeshaepuliwa. Nikaondoka kabla ya chakula, na hakuna aliyenifuata.

Nakuuliza jambo moja. Muhsini alikupa ile barua? Kama hakukupa, nitajua kwa nini ulinyamaza. Kama alikupa, niambie uliisoma au hukuisoma.

Mdogo wako,
Dorine


Lizaboni
7 Novemba 1993

Mdogo wangu Dorine,

Marahaba. Nimekawia kukujibu, si kwamba nilikosa wa kumpa barua. Sisi ni wazima. Mvua bado.

Muhsini alinipa. Niliisoma siku ile ile, nimesimama uani. Sikumwonyesha katekista wala mtu mwingine yeyote.

Hata bila barua ningejua. Mimi ndiye niliyeongea na Sixbert kwenye simu. Alipoambiwa mama amekufa hakulia, aliniuliza, "Saa hizi?" Kama mtu aliyeletewa mgeni wakati mbaya. Niliposikia anakusingizia pale arobaini nilikuwa na maneno yote hapa kooni.

Lakini nyumba ya mama ameiezeka, na mimi ndiye ninayekaa ndani yake. Tangu mume wangu afe hakuna mwingine aliyeniuliza nalala wapi. Mwanangu Aidan amemchukua, anasoma huko Dar, analala kwake. Wiki jana ameandika kwamba amenunuliwa viatu. Nikisema, Aidan atarudi hapa kulima, na mabati yataongelewa. Sixbert si mtu wa kusubiri, umemwona.

Kwa hiyo ukoo unajua hivyo unavyojua, na mimi sitaubadilisha. Krismasi usije. Yeye atakuwepo, na wazee wamesema hawataki kukaa na wewe meza moja. Mimi sikuwapinga.

Nakuandikia ili ujue kwamba nakuamini. Usimwambie mtu, hata Isidori.

Dada yako,
Lidwina