Ukifa, Pisha

Jumatatu, 6 Juni 1994

Mhariri amepiga simu kutoka Nairobi. Anataka kitu cha ukurasa wa vijana: gemu ya Mchimba imepata sehemu ya pili, imefika Kisumu. Nguvu zake, udhaifu wake. Nikamkumbusha kwamba wiki jana nilikuwa Asembo Bay na maiti za waliozama na mtumbwi. Akasema basi hii itanipumzisha.

Duka liko nyuma ya soko la Kibuye. La Mwihaki, mama wa Nyeri, zamani muuza mitumba. Televisheni mbili, viti viwili, umati. Kulia Mchimba wa kwanza, kushoto wa pili. Ukutani, kwa chaki: UKIFA, PISHA. Unalipia uhai mmoja. Mchimba akifa kwenye kioo, unainuka, aliye nyuma yako anaanza upya. Hakuna rufaa.

Jumanne, 7 Juni

Nimetazama kutwa. Gemu ya kwanza ilikuwa njia moja: kimbia, ruka, ufe. Hii ya pili haina njia. Mapango juu, mapango chini. Mlango haufunguki mpaka upate kamba. Kamba iko kule ulikotoka. Unarudi chumba ulichokidharau na kukuta kilikuwa na dari ya kupanda kwa kamba. Hiyo ndiyo nguvu yake. Nyingine: muziki unanyamaza ukikaribia shimo.

Udhaifu: Mchimba anaruka kama amebeba gunia la mahindi. Ramani hakuna. Maadui ni walewale wa zamani, wamepakwa rangi tu.

Udhaifu mkubwa zaidi uko dukani. Kwenye hii ya pili watu hawafi haraka — kiti hakisogei. Kiti cha kulia kimekaliwa na watu wengi leo. Cha kushoto, mmoja tu, tangu jana. Anaitwa Absalom. Alifanya kazi kiwanda cha pamba hadi kilipofungwa. Mikono mikubwa, shati moja.

Obiero, fundi baiskeli, ndiye anayefuata kwenye foleni.

"Omera, ndugu yangu, hata kiwanda ilikufa. Wewe ndiyo hutaki kufa?"

Watu walicheka sana. Absalom hakugeuka.

Jumatano, 8 Juni

Mashine haizimwi usiku. Ikizimwa, kila kitu kinafutika. Mwihaki anafunika televisheni kwa leso, anafunga mlango, anaomba stima isipotee.

Amechoka na kaseti hiyo ya gemu ya pili, haimwingizii pesa. Leo amesema mbele ya wote: Absalom akiimaliza kabla ya Jumamosi jioni, atamwajiri aendeshe duka. Akifa, Mwihaki anang'oa kaseti, inarudi Nairobi, na Absalom asionekane hapa tena.

"Mama, umesema?" Absalom aliuliza.

"Nimesema. Na hawa wote wamesikia."

Baadaye Mwihaki aliniambia pembeni kwamba Absalom hawezi kuimaliza, ni mtu wa pamba huyo. Alikuwa anatabasamu.

Alhamisi, 9 Juni

Nimempigia mwenzangu wa Nairobi aliyeimaliza. Anasema mwisho wake ni shimo. Mashimo mengine yote yanaua. Hili lazima uruke. Kioo kinakuwa cheusi, kimya, muda mrefu, kama kifo. Kisha jua linatoka, na umeshinda. Anasema watu wengi wanafika pale na kurudi nyuma.

Ni ubunifu mzuri kuliko wote. Nimeuweka kwenye nguvu.

Absalom sikumwambia. Nataka kuona.

Ijumaa, 10 Juni

Absalom amefika kwenye shimo la mwisho saa nane mchana. Akatupa jiwe: halikutoa sauti. Akarudi. Akapekua kila pango upya, akitafuta mlango ambao haupo.

Awuor, mkewe, alikuja na chakula kwenye hotpoti. Obiero akamwuliza mzee atakula kabla ya mazishi ama baada. Akamjibu, "Wewe kula maneno yako kwanza." Akaketi chini kando ya kiti.

Jioni Absalom alinigeukia mara ya kwanza.

"Mama Gazeti, nyinyi mnajuanga mambo. Hii shimo iko na chini?"

Nikamwambia mimi naandika tu.

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyejibiwa.

Jumamosi, 11 Juni

Naandika hapa hapa dukani, nimesimama. Saa kumi na moja jioni. Kiti cha kulia kitupu, wote wako huku. Awuor yupo, leo bila hotpoti.

Absalom amepekua tena kila chumba. Amerudi ukingoni. Muziki umenyamaza. Obiero ameshika mgongo wa kiti.

"Ruka ama utoke, yawa. Tuko na manyumba ya kurudi."

Amefumba macho. Ameruka.

Kioo cheusi.

Wamepiga kelele: amekufa! Obiero anavuta kiti na Absalom akiwa bado juu yake. Absalom ameng'ang'ania jostiki kwa mikono miwili, anasema ngojeni, ngojeni kidogo. Awuor amesimama. Mwihaki amefika ukutani, kidole kiko kwenye swichi.

"Sheria ni sheria, Absalom."

"Mama, ngoja."

Kisha Mwihaki amenitazama. "Mama Gazeti, wewe huna upande. Amekufa ama hajafa?"

Wamenigeukia wote, hata Obiero. Absalom peke yake haniangalii, anaangalia kioo.

Bado cheusi. Mwihaki anauliza mara ya pili. Nami bado naandika.