Rangi Uliyoagiza Ipakwe Kwenye Nyumba Yetu

Nyumbani kwangu,
Jumapili, 14 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwanza, maana mama angejua nimeanza bila salamu angenichapa na fimbo yake. U hali gani? Shemeji hajambo? Na wale wanangu wawili, shule inakwendaje? Natumaini baridi imepungua huko na kifua chako kimetulia. Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi barazani, na kila asubuhi anakosoa namna ninavyokata vitambaa. Wateja wanakuja, cherehani inazunguka. Hatujambo.

Basi, salamu zimekwisha. Nina hasira na wewe, kaka. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unajua kunikatiza. Unacheka, unaniita kadogo kako, na mimi nalainika kama mjinga. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Jumanne nilipita kwenye nyumba yetu aliyotuachia baba, kuchukua ile meza yake pana, nikaigeuze ya kukatia nguo. Nikakuta geti wazi, ngazi imeegemezwa ukutani, na mafundi wawili wanapaka rangi ya maziwa. Nje walikuwa wamemaliza. Ndani, kwenye chumba cha kona, walikuwa wanaziba ufa kwa lipu nyepesi, ule ufa ambao mkono wangu unaingia hadi kwenye kifundo. Dari lililobomoka walikuwa wamelifunika kwa mbao nyembamba, nyeupe, za kupendeza, zimepigiliwa kwenye boriti zile zile zilizooza. Na ile ilani ya mhandisi wa manispaa, iliyosema nyumba haifai kukaliwa na watu, ilikuwa imekwanguliwa mlangoni. Ilibaki gundi tu.

Dalali alikuwepo. Unamjua, yule ambaye mtaa mzima unamwita Tabasamu, kwa jinsi anavyolivaa tabasamu lake hata msibani. Nikamuuliza nani kamtuma.

"Dada, usiwe na wasiwasi," akasema. "Kaka yako ameagiza kila kitu. Mteja yupo, anakuja Alhamisi."

"Mimi sina habari."

"Ndiyo, ndiyo, alitaka iwe furaha ya ghafla."

Nilipomwambia nitawafukuza mafundi, akatoa simu anisikilizishe ujumbe wako wa sauti. Nadhani alifikiri utanituliza. Nikakusikia kwa masikio yangu: "Zibeni vizuri, hasa chumba cha kona. Mteja asijue mambo ya dari. Na dada yangu msimwambie mpaka siku ya sahihi, huyo ana mdomo."

Nilimwomba aurudie. Nilitaka kuwa na hakika kwamba ni wewe.

Kaka, chumba cha kona ndicho kilichomwangukia mama. Si hadithi uliyosimuliwa na majirani. Ilikuwa saa nne asubuhi, anakunja mashuka, boriti ikakatika na dari lote likashuka naye. Wanaume wa mtaani walimfukua kwa mikono. Nyonga ilivunjika. Alilala wodini miezi miwili, na mimi nikajifunza kumgeuza na kumwogesha mama yangu mzazi kama mtoto mchanga. Nilikutumia picha za chumba kile. Ulilia kwenye simu mpaka shemeji akakunyang'anya. Kwa hiyo hunidanganyi kwamba hukujua. Ulijua, na chumba hicho hicho ndicho ulichosema kizibwe vizuri.

Najua mambo yamebana huko. Shemeji aliwahi kuniambia kwamba kazi yako ilisimama tangu mwanzo wa mwaka. Najua pia kwamba kiwanja kitupu hakina bei ya nyumba. Ungeniambia hivyo, tungekaa tukafikiri pamoja, maana baba aliandika majina mawili kwenye hati, lako na langu. Badala yake umenizunguka. Umeniweka nisimame mlangoni nikabidhi ufunguo wa uongo wako, nami ndiye ninayebaki kuishi mtaa huu.

Sikukupigia. Nilimeza hasira siku mbili, na Alhamisi nikaenda.

Mteja ni mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya mama yetu, mwembamba, miwani imefungwa kamba. Analea wajukuu watatu. Mama yao alifariki. Alikuja na futi yake mwenyewe. Nilipoingia alikuwa amepiga magoti kwenye chumba cha kona anapima urefu wa ukuta, anaandika kwenye kidaftari.

"Hapa kitanda cha ghorofa," alikuwa anajisemea. "Na mdogo atalala dirishani."

Tabasamu akamwambia watoto watapata usingizi mtamu humo kuliko popote.

Niliokota nyundo ya mafundi iliyokuwa sakafuni nikagonga ukuta, si kwa nguvu. Lipu ikashuka kipande kizima, kikubwa kama trei. Nyuma yake ufa, na unyevu umetuama humo tangu mtaro wa nyuma ulipobomoka. Nikapanda kwenye kiti nikavuta ubao mmoja wa dari. Ukaja na misumari yake na vumbi la boriti. Tabasamu akasimama katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake yamefichika.

Mwalimu akainuka, akajipangusa magoti. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mmoja wa wauzaji."

Akanitazama muda mrefu, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeleta daftari la mwenzake. "Humu kuna mtu aliumia?"

"Mama yangu."

"Yuko hai?"

"Yuko kwangu, mtaa wa pili."

"Nipeleke."

Nilimpeleka. Mama alimkaribisha, akaniagiza chai, wakaanza kuulizana watoto na wajukuu kama watu waliosoma pamoja. Mwalimu hakuzunguka. Alimwuliza ile nyonga inaumaje, na dari lilishukaje. Mama akamweleza yote, kisha akashangaa. "Lakini mwenzangu, nani alikuambia nyumba ile inakalika?"

Mwalimu akanitazama mimi.

Mama naye akanigeukia. "Rangi nimesikia inapakwa. Nilidhani manispaa. Ni kaka yako aliyesema wafanye hivyo?"

Kaka, hapa ndipo hasira yangu ilipo, kuliko kwenye rangi na lipu yote. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu haukunjiki tena, na macho yake yalikuwa yananiomba niseme hapana. Nikasema hapana. Nikasema ni Tabasamu, tamaa zake mwenyewe, wewe hukujua. Nimetoka kubomoa uongo wako kwa nyundo mbele ya mgeni, na kabla chai haijapoa nikakujengea mwingine mbele ya mama.

"Nilijua," mama akasema. "Yule hawezi." Akashusha pumzi, akaendelea na chai. Mwalimu alielewa, na mimi niliona aibu mpaka nikaenda kusimama jikoni.

Sasa habari za nyumba. Mwalimu alirudi jana asubuhi na fundi mwashi wake. Wamechimba pembeni ya msingi, wamegonga kila ukuta. Fundi akasema kila kitu kishuke hadi chini, hakuna cha kuokoa isipokuwa milango miwili na geti. Ardhi yenyewe ni nzuri, mtaro ukijengwa upya. Nilidhani ataaga aondoke. Akaniambia, "Nitanunua kiwanja, sinunui nyumba. Nimezunguka mji huu miezi sita nikidanganywa. Hapa angalau mmoja wenu alisema kweli."

Kwa hiyo ataibomoa na kujenga upya, na atalipa bei ya kiwanja, basi. Nimetia sahihi yangu mbele ya mwanasheria, Tabasamu hayumo. Karatasi nimeiambatanisha na barua hii. Nafasi yako iko chini ya jina langu. Sehemu yako itakuwa ndogo kuliko ulivyopiga hesabu kichwani. Tia sahihi, kaka. Kama hutaki, nyumba itaanguka yenyewe, na safari hii sijui itamwangukia nani.

Kuna jambo jingine. Jana jioni Tabasamu alipita mbele ya baraza. Mama alimsimamisha, akamkemea mbele ya watu mpaka wapita njia wakajaa. Alimwita mwuaji wa watoto wa watu, akasema ametumia jina la mwanawe, mtu mwema aliye mbali na asiyeweza kujitetea. Tabasamu alinitazama mimi tu, anangoja niseme. Nikainamia cherehani.

Siwezi tena, kaka. Mtu yule simpendi, lakini alibeba matusi yako barabarani, na mimi niliyajua. Usinipigie mimi kuomba msamaha. Mpigie mama, umwambie kwa kinywa chako uliagiza nini na kwa nini. Atalia, na huenda asiseme nawe siku kadhaa. Lakini usipompigia, Jumapili ijayo, nikimaliza kumfunga kitambaa kichwani kama kawaida, ataniuliza tena kama wewe hukujua, kwa sababu kila siku ananiuliza. Na siku hiyo nitamjibu.

Nisalimie shemeji sana, mwambie magauni aliyoagiza yako tayari. Wabusu wanangu, waambie shangazi hana hasira nao hata chembe. Mama anakuombea kila siku, nami naitika amina, hata wiki hii. Mungu akufungulie mlango wa kazi, na akupe moyo wa kushika hiyo simu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda bado,
Dada yako mwenye mdomo.